Mashua ziligeuka, upepo haukugeuka

Jumapili ya Desemba 26, 2004, baada ya sala ya adhuhuri, nilikuwa ufuoni Malindi na mjomba wangu tukishona nyavu. Mwezi ulikuwa mpevu, bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, limeshika, na maji yaliyokupwa asubuhi yalikuwa yanarudi kama ilivyo ada. Kaskazi inavuma. Mjomba, nahodha wa tangu ujana wake, aliinua kichwa akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hebu zitazame zile mashua."

Zilikuwa zimetia nanga, omo, yaani pua zao, zikielekea upepo. Sasa zote kwa pamoja ziligeuka zikatazama mji. Maji yalikuwa yakikimbilia nje kwa kasi ambayo hakuna kupwa kunakoifikia, na zile za karibu zikakaa mchangani, zimelala ubavu. Haikupita muda yakarudi kwa vishindo, yakaziinua na kuzigeuza tena upande wa bahari. Yakatoka. Yakarudi. Mjomba hakusubiri mara ya tatu. Alinishika mkono tukapanda juu, akiwapigia kelele watoto waliokuwa wakiokota kaa. Askari nao walishaanza kuwatoa watu ufuoni.

Redio ilisema ni tetemeko la ardhi, huko Sumatra.

"Mbona hapa hapakutikisika kitu?" mjomba aliuliza. Swali hilo alikwenda nalo barazani usiku kwa jirani yetu, mwalimu wa jiografia.

Mwalimu alichora kwa mkaa sakafuni. Chini ya bahari, magharibi ya Sumatra, bamba la dunia, kipande kikubwa cha gamba lake, linalobeba India linaingia chini ya bamba jingine, sentimita chache kila mwaka. Lakini kwenye ufa yanapokutana, miamba imekabana, haitelezi. La chini linaendelea kusukuma, na ukingo wa la juu unavutwa na kupindwa, miaka na miaka.

"Kama kamba ya nanga iliyonasa mwambani," mjomba alisema. "Unavuta, unavuta, halafu inaachia ghafla, unaanguka chali."

"Naam. Na kuachia huko ndiko tetemeko lenyewe."

Ufa uliachia alfajiri, karibu saa kumi kwa saa zetu, Malindi imelala. Baadaye wataalamu walipima wakasema ukubwa wake ulikuwa 9.1, na ufa uliachia kutoka Sumatra kwenda kaskazini hadi visiwa vya Andaman, takriban kilomita 1,300, kwa dakika 10 hivi. Sakafu ya bahari iliruka juu mita kadhaa, ikainua maji yote yaliyokuwa juu yake. Na kwa kuwa ufa umelala kusini hadi kaskazini, nguvu kubwa ya mawimbi ilikwenda mashariki na magharibi. Mashariki ni Thailand. Magharibi ni Sri Lanka, na mbele zaidi ni sisi na ndugu zetu wa Somalia, ambako walikufa watu zaidi ya 200. Kenya alikufa mmoja. Bado naumia nikifikiri kwamba bahari ilituachia karibu saa tisa za kuonywa, na kule Somalia hakuna aliyewafikishia habari.

Mabaharia waliokuwa nje ya mwamba mchana ule walirudi na samaki wao, hawana habari. Kwenye kina kirefu wimbi hilo lina kimo kidogo na limetandaa mno, linapita chini ya chombo bila mtu kulihisi. Linapofika maji haba ndipo linapojikusanya.

Kabla hatujaondoka, mjomba aliuliza kama limekwisha. Mwalimu alisema sehemu moja ya ufa ikiachia, mzigo wake huongezeka kwa jirani yake.

Machi 28, 2005, usiku, redio ilitangaza tetemeko jingine, la 8.6, kisiwa cha Nias, kusini tu ya lile la kwanza. Mjomba aliwatuma vijana wakavute mashua juu, kisha akaenda kugonga mlango wa jirani. "Mwalimu, amka. Yule wa pili ameachia."