Siku moja maishani mwangu: mwamuzi wa sataranji

Saa sita mchana ukumbi ni mtupu. Natega saa za mezani: dakika 90 kwa hatua 40 za mwanzo, kisha dakika 30, na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua. Kete, karatasi za hatua, kalamu za akiba. Saa tisa kamili raundi inaanza.

Saa tisa na dakika ishirini, mkono juu meza ya pili. Wamecheza Ulinzi wa Berlin, ufunguzi ambao Kramnik alimkaba nao bingwa wa dunia Kasparov jijini London mwaka 2000. Una njia fupi ya sare, na wote wawili wanaijua. Hatua ya 10, malkia mweusi anamla askari d6 (herufi na namba hutaja mraba wa ubao). Malkia mweupe anatoka d4 kwenda e4 kumtishia mfalme, mweusi anakinga e6, mweupe anarudi d4, mweusi d6. Halafu tena vilevile.

Mwenye nyeusi anadai sare kwa kuwa nafasi ileile imejirudia mara tatu, lakini malkia ameshamweka d6. Kanuni inamtaka aandike hatua hiyo bila kugusa kete, asimamishe saa, aniite. Akishagusa, haki ya kudai kwa hatua hiyo imempotea. Sasa zamu ni ya mwenye nyeupe, naye anadai. Nasimamisha saa, tunarudia mchezo kwenye ubao mwingine. Kete kukaa palepale hakutoshi: zamu iwe ya yuleyule, na haki ya mfalme kujificha kwa ngome isiwe imebadilika. Wengi huanza kuhesabu hatua ya 9, askari wa d7 akiwa bado hajasogea, wakakosea. Baada ya hatua ya 10, 12 na 14: mara tatu. Sare.

Watazamaji wananikasirikia, eti sare kabla ya hatua ya 30 imekatazwa. Kilichokatazwa ni kupatana! Nafasi ikijirudia, mchezaji ana haki yake, na mwamuzi hawezi kumlazimisha mtu acheze hatua mbaya. Nalieleza hilo mpaka koo linakauka.

Baadaye ni kusimama tu. Hatua ya 35 kwenda 40, dakika zikikaribia kuisha, ndiko mikono inakotetemeka: hatua haramu ya kwanza humpa mpinzani dakika mbili, ya pili humpotezea mchezaji mchezo. Mchezo wa hatua 60 waweza kufika saa mbili usiku. Hapo nakusanya sahihi za wote wawili na kuingiza matokeo. Tokeo moja likiandikwa kinyume, upangaji wa kesho unavurugika, hivyo kila karatasi naisoma mara mbili, macho yakiwa mazito.