Jinsi Nilivyozuia Sari Isinivuke

Mara ya kwanza kuvaa sari, kwenye harusi ya mwanafunzi mwenzangu huko Chennai, India, marinda yalianza kushuka kabla hata chakula hakijaandaliwa. Mkono wa kulia ukila, wa kushoto umeshika kiuno.

Nikadhani kosa ni la hariri ya sari yangu, ile ya mji wa Kanchipuram, maana ni nzito na pindo lake lina nyuzi za zari. Nikaongeza pini. Zikafika tisa, sari ikaendelea kushuka, sasa ikiwa na matundu juu yake.

Mama mwenye nyumba wangu alinifunua kidogo tu, akacheka. Gagulo langu lilikuwa la satini, lenye mpira kiunoni. Hariri juu ya satini, utelezi juu ya utelezi! Sisi tumezoea kanga, unakunja na kuchomeka mambo yamekwisha. Sari ina mita kama tano na nusu, na uzito mwingi unabebwa na kamba ya gagulo. Nikanunua la pamba, lenye kamba, nikalikaza usawa wa kitovu hadi nikaguna.

Tena nilikuwa navaa viatu mwisho, kumbe urefu hupimwa ukiwa umeshavivaa. Marinda sasa nayakunja sita au saba, upana wa vidole vinne, nayabana kwa pini kabla ya kuyachomeka, yakitazama kushoto. Pini nyingine begani, inatokea ndani ya blauzi isionekane.

Mbili tu. Harusi iliyofuata nilicheza hadi usiku wa manane, mikono yote miwili hewani.