Siku moja ya mchoraji wa hanchifu gerezani

Watu wakisikia sanaa ya gerezani huwaza tatuu. Kusini-magharibi mwa Marekani kuna paño: hanchifu nyeupe iliyochorwa kwa peni, desturi ya wafungwa wenye asili ya Meksiko tangu miaka ya 1940 hivi.

Saa 12 asubuhi: kuhesabiwa, chai, kufagia.

Saa 2. Hanchifu iliyobandikwa ukutani jana ikiwa mbichi imekauka, imenyooka. Inavutwa juu ya kadibodi pande zote 4. Ikilegea, peni inaiburuta na mstari unapinda. Peni ya gerezani nayo ni laini, inajikunja mkononi. Chomoa mrija, uuviringishie karatasi mpaka ushikike.

Hakuna kufuta. Kivuli hujengwa kwa mistari myepesi, tabaka juu ya tabaka, ukianzia juu kushoto ili kiganja kisipake wino. Ncha hukusanya vinyuzi, kwa hiyo ifute kila mara kwa karatasi ya chooni. Ukisahau, tone linatua shavuni mwa Bikira Maria wa Guadalupe, anayeheshimiwa sana Meksiko, na hapo ni kuligeuza chozi.

Saa 4 anafika mteja. Kila bweni lina wa aina yake. Picha ya bintiye ni ya pasipoti, ina mkunjo puani, naye anataka ijaze hanchifu nzima. Basi ni miraba: nyuzi zilizoachana nusu sentimita juu ya picha, mistari iliyoachana sentimita 4 kwenye kadibodi, inayoonekana kupitia kitambaa. Ukubwa ni mara 8, kwa hiyo kosa la milimita 1 linakuwa milimita 8, na milimita 8 machoni ni mtoto wa mtu mwingine. Mwenyewe amesimama nyuma yako, anauliza mbona mdomo mkubwa. Mdomo haujaanza! Halafu anataka naye awepo pembeni, mikono inenepeshwe, na waridi moja la nyongeza. Bei ni ileile, tambi za pakiti na stempu. Anaondoka, anarudi, anauliza tena mdomo.

Saa 10 jioni, magereza ya shirikisho yote husimama kuhesabiwa. Peni chini. Hesabu isipotimia inarudiwa, na mwanga wa dirishani haukusubiri.

Wapo wanaochagua shuka. Jesse Krimes, msanii Mmarekani, akiwa kifungoni alihamisha picha za magazeti kwenye mashuka 39 kwa jeli ya nywele na kijiko cha plastiki, kazi ya miaka 3, akiyatoa nje kidogo kidogo kwa posta. Unapaka jeli, unalaza picha kifudifudi, unasugua kwa mgongo wa kijiko. Jeli ikizidi wino unatawanyika, ikipungua yanabaki mabaka, na maandishi hutoka kinyume. Ila shuka ni mali ya serikali. Siku ya upekuzi linachukuliwa na adhabu juu. Hanchifu umeinunua duka la gereza.

Usiku, shingo imekakamaa, vidole havikunjuki. Jicho la kushoto limekaa. La kulia bado, na mwenye waridi anapita tena mlangoni.