Katalogi ya vitabu vyangu: matoleo yaliyochanganyikana

Wiki ya tatu

Hitilafu nimeipata, na haikuwa pale nilipoitafuta. Nilitafuta katika Elasticsearch, programu ninayotumia kuhifadhi na kutafuta data, vitabu vyenye toleo la Kifaransa la mwaka 1998, nikaletewa kitabu ambacho toleo lake la 1998 ni la Kiswahili. La Kifaransa lilitoka 2005. Jioni mbili nimezimalizia kwenye hoja (maagizo ya utafutaji), nikidhani mabano yamekaa vibaya.

Kumbe Elasticsearch ikikuta orodha ya matoleo ndani ya hati moja (rekodi ya kitabu kimoja), huyavunjavunja. Kinachobaki ni rundo la lugha na rundo la miaka. Lugha ipi ilikwenda na mwaka upi, haijui tena. Kifaransa kimo? Kimo. 1998 imo? Imo. Basi kitabu kinapita.

Nikaunganisha thamani kuwa neno moja, kifaransa_1998, kwenye uga (sehemu ya hati) usiokatwa maneno. Ni ufundi wa kuungaunga, lakini mwepesi, na hata "kabla ya 2000" uliweza kujibu kwa kuwa maneno hupangwa kialfabeti. Ulinishinda nilipotaka na kurasa: Kifaransa, kabla ya 2000, chini ya kurasa 200.

Wiki ya nne

Nimehamia aina ya uga iitwayo nested, inayoweka kila toleo kama hati yake. Uga uliopo haubadilishwi aina, kwa hiyo nimeunda faharasa (hifadhi ya hati) mpya na kuingiza data yote upya. Hoja ya kwanza ikarudi tupu! Matoleo sasa ni hati zilizofichwa kando ya hati ya kitabu, na hoja ya kawaida haiyafikii mpaka uitajie njia ya kuyaendea.

Kisha nikaona idadi ya hati: 2,552, na vitabu vyangu ni 640. Nilikaribia kufuta kila kitu nikiamini nimeingiza data mara nne. Hapana, vitabu 640 na matoleo 1,912, jumla ndiyo hiyo. Gharama yake ni kwamba nikisahihisha mwaka wa toleo moja, kitabu kizima pamoja na matoleo yake yote huandikwa upya. Kwangu si neno, data yangu haibadiliki sana. Ingekuwa bei zinazobadilika kila saa, nisingethubutu.

Kimebaki kupanga matokeo kwa mwaka. Nimechuja Kifaransa, lakini mpangilio unachukua mwaka wa toleo lolote, kwa sababu kichujio cha hoja hakiuhusu. Lazima nikiandike tena ndani ya mpangilio wenyewe. Hiyo ni ya kesho.