Traksuti ya Bluu

Pale Rusumo, askari wa upande wa Rwanda aliniinulia uso, halafu akautupia macho mkono wangu. Nilikuwa nimeshika rambo. Ndani mlikuwa na raba zangu namba 49, ambazo siku zote hukataa kuingia kwenye begi. Nilishasikia kwamba Rwanda walipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2008, ila nilidhani ni maneno ya kwenye basi. Rambo likabaki pale pale. Raba nilizifunga kamba, nikazitundika shingoni, nikaingia Rwanda hivyo kwenda kuchezea klabu yangu ya saba ya mpira wa kikapu.

Nilikuwa na miaka 33. Kutoka Dar ni karibu kilomita 1,500: Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, na magoti yangu yamekita kwenye siti ya mbele njia nzima. Kila tuliposhuka kula, lazima atokee mtu wa kuniuliza kama mimi ni ndugu yake Hasheem Thabeet. Hasheem ana futi saba na inchi tatu, na Memphis Grizzlies wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, walimchagua wa pili kati ya wachezaji wapya wa mwaka 2009. Mimi nina sita na nane, na sijawahi kuchaguliwa na mtu. Huwa napigiwa simu. Ingawa hata yeye baada ya Memphis alizunguka: Houston, Portland, Oklahoma City, baadaye Japani na Taiwani. Mwenzangu alizunguka kwa ndege.

Simu ya safari hii ilitoka Kigali. Senta wao, yaani yule mrefu wa kukaa chini ya kikapu, alikuwa ameumia kifundo cha mguu na walibakiwa na mechi tatu za ligi. Malipo ni kwa mechi. Usipocheza, huna chako. Nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Mazoezi ya kwanza, kocha aliniuliza klirensi, yaani barua ya shirikisho la nchi unayotoka kukuruhusu kuhama. Nikasema iko njiani. Haikuwa njiani. Klabu niliyotoka ilikuwa haijathibitisha kwamba hainidai. Nikampigia katibu wao saa tisa na nusu alasiri, simu ikaita mpaka ikakata. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu ndipo nikakumbuka kwamba Kigali iko nyuma ya Dar kwa saa moja. Muda ule mzee alikuwa ameshafunga ofisi yuko kwenye daladala.

Nilipompata asubuhi, alinisikiliza kwa upole, kisha akauliza, "Traksuti ya klabu iko wapi, kijana?"

Nikajitazama. Nilikuwa nimeivaa.

Nikaikunja, nikaitia kwenye bahasha ya kaki, nikampa kondakta wa basi la Dar. Katibu alisema ataipokea mwenyewe Ubungo. Basi mimi nikabaki na bukta. Kigali iko juu, na mtu aliyelelewa Temeke baridi ile haimfai. Nilikuwa nimepangishiwa chumba Nyamirambo, mtaa ambao Kiswahili hakikupi shida. Siku niliyofika nilimwambia mama mwenye nyumba "Shikamoo", akacheka mpaka akakaa chini, akasema miaka mingi hajaamkiwa hivyo. Ndiye aliyenipa kitenge. Mechi mbili nilizitazama Petit Stade, pale Remera, nimeketi nyuma ya benchi la timu yangu, kitenge mabegani kama bibi harusi. Zote mbili tulifungwa.

Klirensi ilifika asubuhi ya mechi ya tatu.

Kocha alikulia Goma, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Robo ya nne ilipoanza tukiwa mbele kwa pointi sita, alikuja akachuchumaa mbele yangu. "Kaka, uko na faulo tano. Umalize zote." Senta wa wapinzani alikuwa kijana mwenye nguvu za kutisha, lakini mitupo huru ilimshinda kabisa. Nikaelewa: nimshike kila anapotaka kufunga, apelekwe kwenye mitupo huru. Watu hudhani kufanya faulo ni kukosa akili. Faulo nzuri lazima ushike mkono anapotupa, kabla mpira haujamtoka, tena kwa nguvu, asije akafunga na kupewa mtupo juu yake, lakini usimwangushe vibaya mwamuzi akakutoa. Kila mara nilimshika, nikamsaidia kuinuka, nikamwambia pole. Faulo ya nne alinijibu kwa Kinyarwanda kitu ambacho sikuomba tafsiri yake.

Ndani ya dakika nne na ushee nilikuwa nimezimaliza. Alitupa mitupo kumi, ikaingia mitatu. Karatasi ya meza iliniandikia pointi 0, ribaundi 1, faulo 5. Nilipokuwa natoka, kocha alisimama kunipa mkono, jambo ambalo wachezaji waliofunga pointi ishirini hawakufanyiwa. Tulishinda kwa nne.

Nililipwa mechi moja, nauli ikala karibu nusu yake. Kitenge mama alikataa nikirudishe.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa Mombasa, klabu ya nane, simu ya katibu ikaingia. "Kijana, ile traksuti inawapwaya wote humu, suruali inaburuta chini. Unaihitaji?"

Nikamwambia aiweke kwenye basi.