Mswaki Juu ya Boksi la Breka

Alhamisi ya tarehe 4 Januari 2024, karatasi ya bei za umeme iliyobandikwa kwenye friji yetu hapa Tampere, Finland, ilijaa wino mwekundu kutoka juu hadi chini. Mkataba wetu wa umeme ulikuwa wa bei ya soko: wakati huo kila saa ilikuwa na bei yake, na bei za kesho zilitangazwa leo mnamo saa nane mchana. Siku ya kawaida uniti moja ilikuwa senti chache. Mchana ule ilitangazwa kwamba Ijumaa, kati ya saa moja na saa mbili usiku, uniti moja ingefika yuro 2.35, kodi ikiwemo. Jiko letu la sauna, yaani chumba cha kuogea kwa joto na mvuke, ni la kilowati 6. Likiwaka kwa muda wa saa moja na nusu linakula uniti 9, yaani zaidi ya yuro 21 kwa kuoga mara moja.

Mama akapiga simu kutoka Tanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia baridi imewazidi. Na huko nako kuna mgao?"

Nikamweleza kwamba hakuna. Umeme tuliokuwa tukiupata kutoka Urusi ulikatwa Mei 2022, na majira ya baridi yaliyofuata tuliambiwa tujiandae kuzimiwa saa mbili mbili kwa zamu, lakini zamu hiyo haikuja. Aprili 2023 kinu cha nyuklia cha Olkiluoto 3, chenye megawati 1,600, kikaanza uzalishaji wa kawaida. Wiki hii umeme upo, ila nyumba nyingi zinapashwa joto kwa umeme, na kule Enontekiö, kaskazini kabisa mwa nchi, kipimajoto kinakwenda chini ya −40. Bei ndiyo inayotuzimisha.

"Yaani mnazima wenyewe," akasema. "Na kusahau kwako kule, utaweza?"

Lilikuwa swali la mtu anayenijua. Mimi nina ADHD, hali ya ubongo inayofanya umakini, kukumbuka na kupanga muda kuwa vigumu, na ratiba yangu haishikwi na saa ya ukutani. Inashikwa na mnyororo: chakula cha jioni kikiisha nawasha mashine ya nguo, mashine ikilia, watoto wanapiga mswaki, watoto wakilala naandaa mkoba wa kesho. Ukihamisha mashine ya nguo kwenda saa sita usiku kwa sababu ya bei, hujahamisha nguo peke yake. Umetoa pete ya katikati, na mkoba wa kesho hautaandaliwa kwa kuwa hakuna kilichouita. Wanaotoa ushauri wa kubana umeme hawaoni hapo. Wanasema "hamisha matumizi," kana kwamba kila mtu anabeba saa kichwani.

Kuna na jambo la dawa ya ADHD. Nameza ile inayofanya kazi polepole mchana kutwa, saa moja asubuhi pamoja na chai. Ikifika jioni imeshanitoka, na bei ya juu kabisa ilipangwa saa ileile ambayo kichwa changu hakina breki. Kwa hiyo maamuzi yote ya Ijumaa nilitakiwa kuyamaliza kabla, nisibaki na la kuamua usiku.

Bei nilizinakili kwenye karatasi na simu nikaiweka droo ya chumba kingine, maana nikirudia kuitazama bei napotelea humo. Nyekundu ni saa za kutogusa, kijani ni ruksa. Kubandua pete ya mashine ya nguo kulihitaji mlio mwingine, nikatega taima ya jikoni ya kuzungusha, ile inayoonyesha muda ukipungua, na kuiweka juu ya meza ya chakula. Ijumaa, kabla sijatoka, nilishusha breka mbili, yaani swichi za kukata umeme: ya sauna, na ya tangi la maji ya moto la lita 300, lililokuwa limeshapashwa usiku. Maji yale yanatosha siku nzima. Mfumo wa kupasha nyumba sikuuzima. Nilipunguza nyuzi moja tu, kwani mabomba yakiganda hasara yake inapita bei yoyote ya soko.

Kosa lilitokea kwenye gari. Injini hupashwa na hita ya wati 550 kwa saa mbili hadi tatu, ikichomekwa kwenye nguzo ya maegesho yenye taima ya duara ya saa 24. Karatasi yangu ilisema "gari, saa 11," nikimaanisha alfajiri. Alhamisi usiku, dawa imeniisha, vidole vinauma kwa baridi, nikaelekeza kidude kwenye namba 11 ya duara. Kwa Wafini hiyo ni saa tano asubuhi. Saa moja na nusu asubuhi gari lilikuwa jiwe, starta ikakoroma mara mbili na kunyamaza. Nikapanda basi. Tangu siku hiyo karatasi ya friji ina namba za saa 24 pekee, na Kiswahili cha saa nakitumia mdomoni.

Lakini kilichonitia wasiwasi zaidi kuliko kushusha breka ni kuzipandisha. Kuzima kuna bei inayokusukuma. Kuwasha hakuna kinachokusukuma, na maji yakikaa siku kadhaa chini ya nyuzi 55 yanaweza kuzalisha bakteria wa hatari. Kengele ya simu ningeizima nikiwa naongea na kuisahau hapohapo. Kwa hiyo asubuhi ile niliutoa mswaki wangu bafuni nikauweka juu ya boksi la breka, ukumbini.

Jioni tulikula mapema, tukawasha mishumaa miwili, na watoto wakalala bila sauna wakinung'unika. Saa tano usiku nilisimama bafuni na dawa ya meno mkononi, nikitafuta. Nikaenda ukumbini. Nikapandisha ya tangi, nikapandisha ya sauna, kisha nikauchukua mswaki.