Kabla ya mashine kulikuwa na mpiga dramu asiyechoka

Kuna ubishi mmoja nimeuchoka, ule wa kwamba muziki wa elektroniki ulianza siku mtu alipochomeka sinthesaiza, kile kinanda cha kutengeneza sauti, kwenye umeme, yaani kama vile mashine ndo ilikuja na wazo lake mfukoni. Mi naona wazo lilikuwepo zamani, lilikuwa kwenye mikono ya wapiga dramu na kwenye wembe wa mtu wa studio, mashine zikaja baadae kuwapokea mzigo.

Nawazungumzia wale wanamuziki wa roki wa Kijerumani wa mwanzoni mwa miaka ya 70. Waandishi wa muziki wa Uingereza waliwabatiza krautroki, jina lenye kejeli ndani yake na wenyewe wengi hawakulipenda, ila limeshaganda, na mi nitalitumia hivohivo.

Anza na bendi ya Neu!. Watu wawili tu, Klaus Dinger kwenye dramu na Michael Rother kwenye gitaa, wote walipita bendi ya Kraftwerk kidogo 1971 wakatoka kwenda kufanya yao. Albamu yao ya kwanza ni ya 1972 na inafunguka na Hallogallo, dakika 10 hivi. Sikiliza dramu humo. Roki ya wakati ule mpiga dramu kila baada ya muda lazima azungushe mikono kwenye ngoma zote ili ujue yupo, huyu wala, anakwenda mbele tu kama gari kwenye barabara iliyonyooka usiku, na gitaa la Rother halijitutumui na solo, linaelea kwa juu, linakuja, linapotea, linarudi. Kiitikio hakuna. Mara ya kwanza nilikaa nasubiri wimbo uanze, dakika ya 4 nikashtuka kumbe umeanza kitambo na kichwa changu kinatikisika chenyewe.

Mdundo ule watu wanauita motoriki, Dinger mwenyewe hilo jina hakulitaka kabisa.

Sasa siku moja nikasema ngoja nami nijaribu, nikakaa mezani, mkono wa kulia ukawa hai-hati, wa kushoto ukawa sinea, mguu ukawa kiki, yaani zile sehemu tatu za dramu. Dakika ya kwanza safi. Ya pili nikaanza kunogewa na hapo ndo shida ilipoanzia, maana mkono unataka kuongeza kitu, unataka kupamba, unaona aibu kurudia kitu kilekile. Ya tatu mkono wa kulia umekaza kuanzia kiwiko mpaka bega na mwendo umeshakimbia bila mimi kujua. Nikaacha. Ukishajaribu mwenyewe ndo unaelewa kwamba kurudia bila kuchoka na bila kujionyesha ni kazi, tena kazi ya kuamua kila sekunde kwamba siongezi kitu. Ile ndo tekno nzima, ule muziki wa dansi wa mashine, ukiifikiria vizuri, tofauti ni kwamba mashine haioni aibu.

Bendi ya Can ya Cologne nao walikuwa na mpiga dramu wa kwao, Jaki Liebezeit, jamaa aliyetoka kwenye jazi huru ya vurugu akaamua kwenda upande wa pili kabisa wa kurudia. Halleluhwah ya 1971 ni dakika 18 na dramu inazunguka palepale mpaka unahisi ni lupu, kipande kimoja kinachojirudia chenyewe. Lakini kwa Can mtu wa kumuangalia zaidi ni Holger Czukay, mpiga besi. Huyu na Irmin Schmidt wa kinanda walisoma kwa Stockhausen, mtunzi wa muziki wa elektroniki, kwa hiyo walijua mambo ya kukata mkanda wa kurekodia kabla hata hawajawa bendi. Walichokuwa wanafanya ni hivi: wanapiga pamoja masaa na masaa mkanda unazunguka, halafu Czukay anakaa peke yake anasikiliza, anakata kipande hapa, anakiunga na kipande cha kule, na kinachotoka ndo wimbo. Wimbo haukupigwa vile na mtu yeyote, umetengenezwa kwenye kukata. Leo kijana mwenye laptopu anaburuta vipande kwenye skrini na hajui kwamba kuna mzee alifanya hivo kwa wembe na gundi. Tena 1969 huyohuyo Czukay na Rolf Dammers walichukua rekodi ya waimbaji wa Vietnam wakaifanya lupu kwenye albamu inaitwa Canaxis 5, yaani kusampo, kuchota sauti kwenye rekodi ya mwingine, kabla sampla, mashine ya kazi hiyo, haijawa kitu cha kununua dukani.

Halafu kuna kile kichekesho cha Neu! 2. 1973, hela ya studio imeisha na albamu haijaisha. Wakachukua singo yao, nyimbo mbili, wakajaza upande wa pili wa santuri nayo kwa kuichezesha kasi ya mizunguko 78 kwa dakika, kisha ya 16, kuna mahali mpaka unasikia mashine inatafuna. Wanunuzi waliona wameibiwa, na kwa kweli mi mwenyewe ule upande siwezi kuusikiliza mpaka mwisho, ni mbaya jamani. Ila wazo la kwamba wimbo uliokwisha unaweza kuwa malighafi ya wimbo mwingine, hilo baadae tukaliita remiksi na watu wakajenga nyumba nalo.

Kraftwerk sitawaongelea sana maana wanaongelewa kila siku. Nikumbushe tu kwamba 1970 ilikuwa bendi ya filimbi na dramu za ngozi, na fundi wa studio Conny Plank aliyerekodi Neu! ndo huyohuyo alikuwa studio kwenye Autobahn ya 1974, wimbo wa dakika 22. Toka hapo njia inajulikana, Trans-Europe Express 1977, Afrika Bambaataa, DJ wa hip hop wa New York, akaichukua melodi yake kwenye Planet Rock 1982 juu ya mashine ya dramu ya 808, Detroit nao wakasikiliza, Juan Atkins na wenzake, tekno ikazaliwa.

Ninayemuonea huruma kwa kusahaulika ni Manuel Göttsching. Huyu alikuwa mpiga gitaa wa Ash Ra Tempel ya Berlin, roki ya anga za juu, magitaa yanalia dakika 20. Desemba 1981 akakaa peke yake na sikwensa zake, mashine za kurudia noti zenyewe, akapiga mfululizo karibu saa nzima, kodi mbili tu zinabadilishana, ikatoka 1984 kwa jina la E2-E4, ule mwendo wa kwanza wa chesi. Mwaka 1989 Waitaliano wakaigeuza kuwa Sueño Latino, ikawa wimbo wa hausi wa kuchezea alfajiri, na Derrick May wa Detroit akaja kuifanyia remiksi yake.

Ukiisikiliza, usiruke mbele. Nusu ya kwanza ni mashine tupu, tikitiki tikitiki, unazoea, unasahau, unaendelea na kazi zako. Halafu katikati huko, bila kubisha hodi, gitaa linaingia. Linaingia polepole kama mwenye nyumba aliyerudi kakuta wageni wanacheza, akavua viatu akajiunga nao.